Mwarobaini na naitreti ya fedha: majani ya Pongwe yanageuka kahawia, ya Raskazone yanachafuka meupe. Kwa nini? Na kinachoua bakteria ni kipi hasa?

#1 Kijana wa Pongwe

Habari zenu wakuu. Nasoma kemia mwaka wa mwisho, na likizo hii nipo nyumbani Tanga. Mradi wangu ni kutengeneza chembe nano za fedha, yaani vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kwa majani ya miti badala ya kemikali kali.

Namna yenyewe si ngumu. Gramu 10 za majani mabichi ya mwarobaini unaziosha, unazikatakata, unazichemsha dakika chache kwenye mililita 100 za maji, unachuja. Kisha sehemu moja ya maji hayo unaitia kwenye sehemu tisa za naitreti ya fedha ya milimola 1, yaani gramu 0.17 kwa lita. Unaacha, unatazama.

Majani ya mti wa nyuma ya nyumba yetu Pongwe yanaanza na unjano, na kabla saa haijaisha chupa nzima imekuwa kahawia. Nilipoipima chuoni kwenye spektrofotomita, mashine inayoonyesha maji yanameza mwanga upi, kilele kilikaa karibu na nanomita 430, na vitabu vinasema kati ya 400 na 450. Sawa kabisa.

Majani ya mti wa Raskazone, hatua chache kutoka baharini, ni habari nyingine. Ukitia tu, papo hapo maji yanachafuka meupe. Yakikaa karibu na dirisha yanaelekea kijivu chenye zambarau. Kwenye mashine mstari umelala, hakuna kilele.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Kwenye sahani zenye bakteria wa E. coli, maji ya majani peke yake hayakufanya kitu. Ule mchanganyiko wa kahawia umeacha duara safi, hapaoti kitu. Kila makala ninayosoma inasema "chembe nano zimeua bakteria". Nitajuaje kwamba ni chembe, na si ioni za fedha, yaani fedha yenye chaji iliyoyeyuka majini, zilizobaki bila kugeuzwa?

#2 Kigoda Changu

Naweka kigoda hapa, wajuzi waje.

#3 Mama Mvumbasha

Mwanangu, mimi nauza miti shamba Ngamiani, hayo mashine siyajui ila mti naujua. Mwarobaini wa pwani kabisa na wa huku ndani si kitu kimoja. Wateja wangu wazoefu wanautambua kwa ulimi. Halafu umechuma lini? Majani machanga yenye wekundu kwa ncha, na yaliyokomaa, uchungu wake mbali. Na yaliyochumwa mvua kubwa ikinyesha ni mapooza. Usiniambie umechuma huku asubuhi na kule saa nane mchana jua la utosi, kisha ukataka yafanane.

#4 Kijana wa Pongwe

Shikamoo mama. Yote ni makomavu na nilichuma siku moja, ila saa ni kweli zilipishana. Nitaangalia hilo.

#5 Mama Mvumbasha

Marahaba. Angalia.

#6 Sahare Juu

Mkuu, hilo la weupe halina siri. Ni chumvi. Fedha na kloridi zikikutana zinashikana zinakuwa kloridi ya fedha, unga mweupe usiotaka kuyeyuka majini. Huhitaji chumvi nyingi. Maji ya bahari yana kama gramu 19 za kloridi kwa lita. Piga hesabu: lita moja ya naitreti yako ina milimola 1 ya fedha, inayohitaji miligramu 35 na nusu za kloridi kuisha yote. Mililita 2 tu za maji ya bahari zinakumalizia lita nzima.

Na ule uzambarau wa dirishani ndio unaoitia muhuri kesi. Kloridi ya fedha ikipigwa na mwanga inaachia fedha yake kidogo kidogo, inageuka rangi.

Sasa niambie, maji gani umetumia? Ukitumia ya bomba ujue yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, yametiwa klorini. Ya kisima cha mjini ndiyo usiseme.

#7 Kijana wa Pongwe

Nimetumia maji ya betri, yale yaliyotoneshwa yasiyo na chumvi, chupa ileile kwa majani yote mawili. Naitreti nayo ni ileile. Na majani yote niliyasuuza kwa maji hayohayo. Kama kosa ni la maji, ya Pongwe nayo yangechafuka.

#8 Sahare Juu

Basi chumvi imo ndani ya jani. Kusi ikivuma, ule mnyunyizo wa bahari unafika mpaka kwenye mapaa, achilia mbali mti ulio pale ukingoni. Inayokaa juu ya jani utaisuuza. Iliyopanda kwa mizizi iko ndani ya seli, na ukichemsha unaitoa yote. Kusuuza hakusaidii.

Pima hivi: chukua kidogo ya huo mchafuko mweupe, tia amonia. Ukiyeyuka ukawa safi, ni kloridi.

#9 Mwalimu wa Kidato

Sahare Juu, ushauri ni sahihi lakini umeacha nusu yake, na nusu hiyo ndiyo inayoumiza watu. Fedha ikiwa ndani ya amonia HAIHIFADHIWI. Ikikaa inajenga tope jeusi linaloweza kulipuka hata kwa kutikiswa. Kijana, fanya kipimo kwa matone tu, ukimaliza tia asidi kidogo papo hapo, mwaga na maji mengi. Usiiache mezani ukaenda kula. Nafundisha wanafunzi kipimo cha Tollens, kinachotumia fedha ndani ya amonia, na hilo ndilo neno la kwanza ninalowaambia kabla hawajagusa chupa.

Na vaa glavu. Naitreti ya fedha ikigusa ngozi, kesho una madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni yoyote.

#10 Mzee wa Studio

Madoa hayo nimeishi nayo vidoleni ujana wangu wote. Nilikuwa na studio ya picha hapa mjini enzi za filamu.

Vijana, mnaongea jambo geni lakini sisi tulikuwa tunalifanya kila usiku kwenye chumba cha giza. Filamu na karatasi ya picha ni chumvi za fedha ndani ya gelatini. Mwanga unazigusa, kisha dawa ya kusafishia inazigeuza fedha halisi, ndio ule weusi wa picha. Zile ambazo hazikuguswa na mwanga unaziondoa kwa dawa nyingine tuliyoiita "haipo". Dawa yetu ilikuwa na haidrokwinoni, nayo ni fenoli. Na huyu kijana anatumia nini? Fenoli za majani. Kazi ni ileile, kuipa ioni ya fedha elektroni yake iwe metali. Tofauti yake ni kwamba sisi tulitaka fedha itulie kwenye karatasi, yeye anataka ielee majini vipande vidogo visivyoshikana.

Na sasa sikiliza siri ya chumba cha giza. Dawa ile haifanyi kazi bila magadi. Bila kitu cha kuondoa uchachu, haidrokwinoni inalala tu. Hata wale wanaosafishia filamu kwa kahawa wanatia magadi soda, ndipo picha inatokea. Kwa hiyo mimi nauliza, umepima uchachu wa maji ya majani yako? Pengine ya Raskazone yana uchachu zaidi na fenoli zake zimelala.

#11 Duga Maforoni

Mzee wa Studio, heshima yako. Ila picha za harusi ya kaka yangu uliahidi Ijumaa, Ijumaa ya mwaka gani?

#12 Mzee wa Studio

Mwambie alete salio kwanza.

#13 Mkandaa wa Kaole

Wakuu, nipo Bagamoyo, nimefuata uzi huu kimya lakini la chumvi limenishinda kumeza. Kama chumvi ya ndani ya jani ndiyo inayoharibu, mikoko ingesemaje? Mkoko umesimama ndani ya bahari, unanyonya chumvi mchana na usiku. Na bado majani ya mkoko wa jamii ya Rhizophora mucronata yamekwisha kutumika India kutengeneza chembe za fedha, wakazijaribu kwa viluwiluwi vya mbu. Kahawia ilitoka.

Mimi naona kinachoamua ni tanini. Wazee wetu hapa Kaole walikuwa wanatumia gome la mkandaa kupaka rangi nyavu na kulainisha ngozi kwa sababu ya utanini wake. Mti wenye nguvu hiyo unaiwahi fedha kabla kloridi haijaimaliza. Mwarobaini wa Raskazone huenda ni dhaifu tu, mti wenyewe una njaa. Mama Mvumbasha kasema mapema kwamba mti na mti haufanani.

Nasema haya nikijua kukata mikoko bila kibali ni kosa, msije mkavamia pwani na mapanga.

#14 Sahare Juu

Mkandaa, hoja nzuri, ila kahawia si ushahidi kwamba kloridi haikuwepo. Chembe nyingi zinazotengenezwa kwa majani, ukizipiga kwa miale ya eksi unakuta vilele viwili: kile cha pembe ya digrii 38 cha fedha, na kile cha pembe ya digrii 32 cha kloridi ya fedha. Zote zimo, zimechanganyika. Mwandishi akiona kahawia anaandika "fedha" anaenda zake.

#15 Mkandaa wa Kaole

Sawa, lakini hilo linanisaidia mimi zaidi kuliko wewe. Kama zote zinaweza kukaa chupa moja, basi chumvi peke yake haielezi kwa nini ya Raskazone HAIKUTOA kahawia hata chembe.

#16 Mwalimu wa Kidato

Hapo wote wawili mna kazi. Kijana afanye hivi: achukue maji ya majani ya Pongwe yanayofanya vizuri, atie chumvi ya mezani kidogo sana, aone kama yatachafuka vilevile. Yakichafuka na kahawia isitoke, Sahare kashinda raundi. Kahawia ikitoka juu ya mchafuko, Mkandaa anapumua. Na chupa nyingine ya majani ya Raskazone aitie magadi kidogo, amridhishe mzee wetu.

#17 Kijana wa Pongwe

Asante mwalimu. Hilo la chumvi nimelifanya leo asubuhi. Maji yamechafuka meupe mara moja. Lakini baada ya muda mchanganyiko umeingia ukahawia hafifu, mwepesi kuliko wa kawaida. La magadi: majani ya Raskazone yenye magadi yamekuwa kahawia ya kijivu, haraka mno, na chini kuna tope.

#18 Kigoda Changu

Hapo hakuna aliyeshinda, naongeza kigoda cha pili.

#19 Fundi Maabara wa Muheza

Naona mmezama kwenye rangi, swali la pili mmelipita. Mimi ni mtu wa bakteria, nisaidie hapo.

Kwanza, kijana, umelinganisha na nini? Umeweka maji ya majani peke yake, vizuri. Umeweka naitreti ya fedha peke yake, ya kiwango kilekile? Kama hukuweka, duara lako halisemi lolote. Naitreti tupu inaua E. coli bila msaada wa mwarobaini. Kazi nyingi za chembe nano zinaanguka hapo, na inasikitisha kwa sababu ni kishimo kimoja tu cha ziada kwenye sahani.

Pili, zungusha mchanganyiko kwenye mashine ya kuzungushia, chembe zikae chini, mwaga maji ya juu, tia maji safi, rudia. Kisha jaribu chembe zilizooshwa upande mmoja, na yale maji ya juu upande mwingine. Kama maji ya juu ndiyo yanayoua, basi ni ioni.

Tatu, hata ukiosha, chembe zenyewe zinaendelea kutoa ioni. Fedha ikiwa na oksijeni na maji inaliwa taratibu juu ya uso wake. Kadiri chembe ilivyo ndogo, ndivyo uso ulivyo mkubwa kwa uzito uleule: nazi nzima ukiitia maji hupati kitu, ukiikuna unapata tui. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walijaribu chembe za fedha mahali pasipo na oksijeni kabisa, na hazikuua E. coli. Ioni zenyewe ziliendelea kuua. Kwa hiyo mimi nasimama na ioni. Chembe ni ghala tu.

#20 Makorora Kati

Fundi, kazi hiyo naijua, ila usiifunge mlango. Mwaka 2004 kuna waliopiga picha E. coli kwa hadubini ya elektroni, wakaona kuta zake zina vishimo na chembe za fedha zimejikusanya hapo. Mwaka 2007 wengine wakaonyesha kwamba chembe za pembetatu zinaua kuliko za duara na za vijiti. Kama ni ghala la ioni tu, umbo lina kazi gani?

#21 Fundi Maabara wa Muheza

Umbo linabadilisha jinsi uso unavyoliwa. Pembe kali huachia ioni upesi. Bado narudi kwenye ioni.

#22 Makorora Kati

Na mimi bado narudi kwenye vishimo. Chembe iliyogota ukutani mwa bakteria inaachia ioni zake palepale mlangoni, si katikati ya bahari. Hiyo si sawa na kumwaga naitreti tu. Na umesahau kitu cha tatu: koti. Chembe za kijana zimevaa vitu vya mwarobaini. Mwarobaini wenyewe si mgeni kwenye kazi hii, ulitumika Pune, India, kutengeneza chembe za fedha na za dhahabu, ikachapishwa mwaka 2004, na waandishi walihisi kwamba ni flavanoni na terpenoidi zilizojishika juu ya chembe zikazizuia zisigandane. Koti hilo linaweza kuisaidia chembe kumshika bakteria, au kumzuia. Maji ya majani peke yake kutokuua hakumaanishi kwamba hayana mchango yakiwa juu ya chembe.

#23 Fundi Maabara wa Muheza

La koti nalikubali, halijapimwa vya kutosha. Ila kijana ajue jambo moja zaidi kuhusu sahani: chembe hazitembei vizuri ndani ya agari, ule utando mzito wa sahani wanamooteshwa bakteria, ioni zinatembea. Duara likiwa pana, limepanuliwa na kile kilichoweza kusafiri. Kwa hiyo kipimo cha duara kinaipendelea ioni tangu mwanzo. Pima kwenye mchuzi wa kuoteshea bakteria, kwa vikombe vidogo, ukipunguza nguvu nusu kwa nusu mpaka upate kiwango cha mwisho kinachozuia. Na tumia zaidi ya E. coli. Staphylococcus aureus ana ukuta mnene, mara nyingi anavumilia fedha kuliko E. coli.

#24 Chai Rangi

Wakuu, naomba niulize kama mtu wa kawaida. Kuna jamaa anapita na chupa za "maji ya fedha", anasema kijiko asubuhi na jioni, yanatibu taifodi, sukari na nguvu za kiume. Mjomba wangu anakunywa. Ni haya haya mnayoongelea?

#25 Daktari wa Zamu

Chai Rangi, mwambie mjomba aache leo. Nasema kama daktari.

Fedha ukiinywa muda mrefu inajikusanya kwenye ngozi na kuigeuza rangi ya bluu ya kijivu. Inaitwa ajiria, na haitoki. Marekani, mwaka 1999 mamlaka yao ya dawa ilitamka kwamba maji ya fedha yanayouzwa bila cheti hayatambuliki kuwa salama wala kuwa na nguvu kwa ugonjwa wowote. Hapa kwetu dawa yoyote iulizwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sukari haitibiwi na fedha. Taifodi ina dawa zake, na kuichelewesha kunatoboa utumbo.

Hiyo haifanyi fedha kuwa kitu kibaya. Nje ya mwili ina historia ya heshima. Daktari Credé, kule Leipzig, miaka ya 1880 alianza kudondoshea watoto wachanga naitreti ya fedha machoni, upofu wa kisonono ukapungua mno. Leo wodini tunatumia mafuta ya tetrasaiklini. Mwaka 1968 Fox akatoa krimu ya fedha na salfadaiazini kwa majeruhi wa moto, na nimeipaka kwa mikono yangu kwenye majeraha ya watoto waliomwagikiwa uji. Juu ya ngozi, kwa kipimo, kwa muda maalumu. Kunywa ni kitu kingine.

#26 Chai Rangi

Asante daktari. Mjomba ni mbishi ila nitamsomea huu uzi.

#27 Mtu wa Katani

Jamani, mbona mnahangaika na mwarobaini na huku Tanga tumezungukwa na mkonge? Nyuzi hazizidi asilimia 5 ya uzito wa jani, yaliyobaki ni maji na makapi. Pale kwenye korona, zile mashine za kusindika, yanamwagwa. Maji hayo yana sukari na fenoli. Wajerumani waliutoa Mexico mwaka 1892 wakatuletea utajiri, sisi tunatupa.

#28 Mlingano

Mkuu, sahihisho: ni 1893, na Dk. Hindorf aliuagiza kutoka Florida. Mexico ndiko asili ya mmea, lakini vichipukizi vilisafirishwa kutoka Florida. Vilianza karibu 1,000, vilivyofika hai vikapandwa upande wa Pangani vilikuwa 62. Mashamba yote yaliyofuata yaliota kwenye hivyo 62.

Na makapi hayatupwi yote. Hale walijenga mtambo wa gesi kwa makapi ya mkonge. Ila kwa fedha, angalia: maji ya mkonge ni makali na machachu, mzee wa studio atakuambia yatalala bila magadi.

#29 Mtu wa Katani

Nimekupata. 62 tu! Sikuijua hiyo.

#30 Sonara wa Barabara ya Nane

Assalaam alaykum. Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyeuliza fedha yenyewe inatoka wapi. Kijana ananunua naitreti kwa bei ya maumivu. Naitreti ni fedha iliyoyeyushwa kwa asidi ya naitriki. Sisi tunaijua asidi hiyo kwa kupimia madini. Gramu moja ya fedha safi inatoa gramu 1.57 za naitreti.

Riale la Maria Theresa, lile bibi zetu walilofulia vikuku, lina uzito wa gramu 28 na fedha yake ni 833 kwa elfu. Hiyo ni gramu 23 na ushee za fedha. Kwa kiwango cha kijana, ambapo lita moja ina gramu 0.108 za fedha, riale moja lingetoa zaidi ya lita 200. Lakini iliyobaki humo ni shaba hasa, na ukiyeyusha utapata maji ya bluu. Lazima shaba itolewe kwanza. Na ule moshi mwekundu wa asidi unaua mapafu, usijaribu uani kwenu.

#31 Duga Maforoni

Sonara, usimwambie Mzee wa Studio habari za riale, atayauza ya mkewe.

#32 Mkandaa wa Kaole

Hapo sonara umegusa jambo linaloniuma. Tunaiita njia ya kijani kwa sababu tumetumia jani. Lakini jani limechukua nafasi ya kemikali moja tu, ile ya kugeuza ioni kuwa metali. Fedha ilichimbwa, ikayeyushwa kwa asidi kali, ikatoa moshi. Na ikiisha kazi inamwagwa wapi? Ioni za fedha ni sumu kali kwa samaki na viumbe wadogo wa majini. Kina mama wa Mlingotini wanalima mwani pale pale maji yetu yanapoishia.

#33 Bomba la Chumbageni

Mbona yule Hilonga wa Arusha katengeneza chujio la maji la nano, akapewa tuzo ya Uingereza pauni 25,000? Hiyo si fedha hii hii?

#34 Mwalimu wa Kidato

Tuzo ni kweli, Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, mwaka 2015, tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering. Lakini chujio lake ni la mchanga pamoja na vitu vya nano vinavyochaguliwa kufuatana na uchafu wa maji ya mahali. Unalochanganya nalo ni chungu cha udongo kilichopakwa fedha, kazi ya Mazariegos wa Guatemala, mwaka 1981. Kile fedha yake inakaa kwenye kuta za chungu, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi miligramu 0.1 ya fedha kwa lita ya maji ya kunywa haina madhara.

Kwa udongo na wafinyanzi tulionao, chungu hicho kingetufaa sana kuliko sahani za maabara.

#35 Daktari wa Zamu

Naomba kuongeza moja kabla watu hawajaanza kupaka fedha kila kitu. Bakteria wanaizoea fedha. Mwaka 1975, wodi ya majeruhi wa moto Boston, ilipatikana Salmonella sugu kwa naitreti ya fedha. Mwaka 2018 Wacheki wa Olomouc wakaonyesha kwamba E. coli akizoeshwa chembe nano anajifunza ujanja mwingine: anatoa protini ya mkia wake, flajelini, inayozigandisha chembe zikawa mabonge yasiyo na nguvu. Kilichowashangaza wengi ni dawa waliyoipata, maji ya ganda la komamanga. Yaliizuia protini hiyo isitoke, chembe zikarudi kazini.

#36 Mama Mvumbasha

Ganda la komamanga nauza kila siku, la tumbo la kuendesha. Kijana njoo uchukue, nitakupa la bure, usinunue.

#37 Makorora Kati

Mnaona? Jani na ganda si mapambo. Fundi, hapo ioni zako zimenyamaza.

#38 Fundi Maabara wa Muheza

Hazijanyamaza. Flajelini inagandisha chembe, chembe zikigandana uso unapungua, ioni zinapungua. Umenisaidia kueleza.

#39 Makorora Kati

Ioni wenyewe hawagandi. Kama ioni ndio wauaji, ujanja wa kugandisha usingemsaidia bakteria hivyo.

#40 Kijana wa Pongwe

Wakuu nawashukuru wote. Nimeweka kishimo cha naitreti tupu kama Fundi alivyosema. Duara lake ni pana kuliko la chembe. Chembe zilizooshwa nazo zina duara, dogo lakini safi. Sijui nimpe nani pointi. Mama nakuja Ngamiani kesho kwa komamanga.

Swali moja dogo: nina chupa kadhaa za mabaki yenye fedha. Kwa alivyosema Mkandaa sitaki kuzimwaga mtaroni. Nifanyeje?

#41 Sonara wa Barabara ya Nane

Usimwage. Zile ulizotia amonia usizihifadhi wala usizichanganye humu, zitie asidi papo hapo kama Mwalimu alivyokueleza. Hizo nyingine kusanya kwenye ndoo moja ya plastiki, tia chumvi ya mezani mpaka weupe usiongezeke tena, acha ilale usiku mzima. Chembe za kahawia zitachelewa kutua, usiharakishe, chumvi nayo inazisukuma zishikane. Maji ya juu yachuje kwa kitambaa kizito, tope libaki. Likaushe, lifunge kwenye karatasi, niletee dukani. Nitaliyeyusha na vumbi la benchi langu, fedha itakayotoka nitakupimia mizani mbele yako.

#42 Kijana wa Pongwe

Nakuja nalo Jumamosi baada ya adhuhuri, mzee wangu.